Mrija Mmoja na Nyumba ya Ruhuza

Mama yangu,

Mwakeye. Nimeanza na salamu ya nyumbani ili ujue kwamba miguu ndiyo iliyohamia huku, ulimi bado uko Rungwe Mpya. Umeamkaje? Goti la kushoto linakubaliana na baridi ya asubuhi, au bado unalipaka mawese ya moto? Ile mihogo ya mlimani iliyokunja majani, mliing'oa au ilipona yenyewe? Na yule mbuzi wa pembe moja, mwizi wa unga, bado hajaenda sokoni? Sisi huku hatujambo. Mkweo Esperansi hajambo, na mjukuu wako ameota meno manne, yote anayajaribia kwenye mkono wangu. Mimi mwenyewe nimenenepa. Ile suruali niliyotoka nayo Kasulu sasa inafika magotini, inakataa kupanda zaidi.

Skola, dada yangu, najua wewe ndiye unayesoma. Soma polepole na usiruke, hata pale utakapoona naaibika. Na hicho kitu kirefu kilichofungwa magazeti, alichokileta Sista Verena pamoja na barua hii, kiwekeni kwanza pale mlangoni. Kisifunguliwe mpaka mfike mwisho. Nakujua wewe na mikono yako, Skola. Kiache.

Mama, ujumbe wako niliupata. Nimeambiwa simu yangu hutaipokea tena, kwamba mwanamume aliyesema kwa mrija mbele ya watu sasa aandike kwa mkono, kwa sababu maneno ya simu yanamezwa na kelele. Ni kweli yanamezwa, utaona mwenyewe huko mbele. Miezi miwili sijakusikia ukikohoa. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuwa na hamu na kikohozi cha mama yake.

Najua pia barua hii inasubiriwa na nani. Baraza la ardhi la kata linakaa tena mkimaliza kuvuna maharage. Mzee Ruhuza amekwenda pale na simu ya kuazima, amewaonyesha wajumbe ile video, amewaambia kesi ya bondeni imekwisha, mtoto wa marehemu Bihemo ameimaliza mwenyewe huko Marekani mbele ya umati. Bonde ulilolima tangu ulipoolewa, bonde ambalo baba alikufa akilitaja, linaondoka kwa sababu ya mdomo wangu. Nimeliandika hilo mapema ili usidhani nimesahau kwa nini nimeshika kalamu. Sasa nisikilize ilivyokuwa.

Kwanza ujue mwanao ni mtu mkubwa. Hapa mjini kuna ukumbi ambao ukiuleta Kasulu, soko zima litaingia ndani pamoja na stendi ya mabasi, na vijana watapata pa kuchezea mpira. Funguo za ukumbi huo zote ziko kiunoni mwangu. Nikitembea nalia kama ng'ombe wa harusi. Ni kweli nafuta sakafu na kupanga viti, sikatai, lakini profesa akisahau koti lake humo ndani anambembeleza nani? Wananiita mista Yusto. Mimi niliyeishia kidato cha pili kwa sababu aljebra ilinikataa, mimi niliyebeba magunia ya unga pale kambi ya wakimbizi ya Nduta mpaka shingo ikazama mabegani, leo ni mista.

Basi kwenye ukumbi huo likaja kongamano la siku tatu, la kusherehekea urithi na utamaduni wa watu wenye asili ya Afrika waliotawanyika duniani. Mama, sijawahi kuona weusi wa aina nyingi hivyo mahali pamoja. Wamo Wamarekani ambao mababu zao waliuzwa, wamo Wajamaika, Wahaiti wanaosema Kifaransa kama wale Wakongo wa kambini, Wanigeria wenye kofia zinazofika kwenye meza kabla ya wao wenyewe. Mama mmoja wa Brazili alikuwa anakaanga vitumbua vya maharage kando ya lango, na anakaangia mawese. Mawese, Mama. Mimi nilikuwa nasukuma ndoo ya maji, harufu ikanipiga, nikasimama palepale kama mtu aliyeitwa jina lake. Yule mama aliniona, akanipa viwili kwenye karatasi, akaniongelesha Kireno, nikamjibu Kiha. Tulielewana vizuri tu.

Aliyesimamia kongamano ni Dokta Loreta. Ni mama mtu mzima, nywele nyeupe amezisuka mistari, sauti yake ni ya katekista siku ya kipaimara. Siku ya kwanza, nikiwa napanga viti, aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akasema hapana, kijiji. Nikamwambia Rungwe Mpya, Kasulu. Akaniomba nirudie, nikarudia mara tatu, na kila mara midomo yake ilikuwa inanifuata kama mtoto wa chekechea. Akaniambia yeye alipeleka mate yake maabara wapime damu yake ilitoka wapi, wakamrudishia majina ya nchi sita. Nchi sita, na hakuna kijiji hata kimoja. Alilisema hilo huku anacheka, halafu akaanza kukunja kitambaa chake cha mkono, akakikunja mpaka kikawa kidogo kama kidonge.

Nilimhurumia, Mama. Na mimi unanijua, huruma ikinishika, mdomo unafunguka wenyewe. Nikataka kumpa kitu. Sina kitu, nikampa maneno. Alikuwa anatafuta jambo la kufungia siku ya mwisho, desturi ya kweli kutoka Afrika, isiyokuwa ya kuigiza. Nikamwambia umefika, mama yangu, mbele yako yuko bingwa. Nikamweleza mrija.

Naandika hapa kama nilivyomweleza yeye, kwa sababu shemeji yangu mwalimu, mumeo Skola, ni mtu wa Tanga na najua ameketi hapo anasikiliza. Shemeji, kwetu watu wawili waliogombana wakipatana huwekewa chungu kimoja cha pombe ya ndizi na mrija mmoja. Aliyekosewa ndiye anayeanza kunyonya, kuonyesha kwamba ameachilia dai lake. Kisha anampa mrija mwenzake. Yule aliyekosa anainama, anasema kosa lake kwenye chungu, kwa sauti ya chini, halafu naye ananyonya. Kilichosemwa kwenye chungu hakibebwi nje. Lakini baada ya hapo anarudisha alichochukua, bila kudaiwa tena. Ndiyo desturi yote. Mimi nikaiongezea chumvi, nikasema babu yangu alikuwa mshika mirija wa Mwami, mtawala wetu wa zamani. Nisamehe, Mama. Najua babu alichunga mbuzi, tena wa watu.

Dokta Loreta aliandika kila neno. Kesho yake kijitabu cha kongamano kikatoka na maelezo hayo, na jina langu chini yake kwa herufi nene. Nimekihifadhi. Nilitembea nacho siku nzima, nikawaonyesha hadi walinzi.

Kazi ya kuandaa ikawa yangu. Chungu nilikipata kwenye duka la maua, kina tundu chini, nikaliziba kwa nta ya mshumaa. Mrija nikautafuta kwenye duka la vifaa vya bustani, mwanzi mzuri, mwembamba, mrefu kunipita, nikautoboa vifundo kwa waya wa moto mpaka hewa ikapita. Pombe ndiyo ilikataa. Ukumbi hauruhusu kilevi, na mwenye kulinda sheria hiyo ni mwenye funguo, yaani mimi. Nikanunua juisi ya matofaa, nikatia unga wa tangawizi ivurugike kidogo, nikarushia pumba za shayiri juu zielee. Ukiitazama kwa mbali ungesema imelala siku tatu shimoni kwa shangazi, kule Gwarama. Juisi, Mama. Neno hilo ulikumbuke, nitalirudia.

Kilichobaki ni mtu wa pili. Dokta Loreta akaniuliza nani tutamtumia. Nikamwambia yeyote, hata Mkenya. Akasema niache, atatafuta yeye. Sikuuliza tena. Hapo ndipo nilipouza bonde lako, na sikusikia hata mlango ukigongwa.

Unajua kwamba katika mji huu tuko Waha wawili tu. Mimi, na Sadoki mtoto wa mzee Ruhuza, aliyekuja kwa bahati nasibu ya viza miaka mingi kabla yangu na anatunza wazee kwenye nyumba yao. Mji mzima Waha wawili, na hao wawili hawasalimiani. Miaka minne tumeishi hivyo. Nikienda duka la Waafrika kununua unga wa muhogo, nikimwona ndani kupitia kioo, nasubiri nje kwenye theluji mpaka atoke. Yeye hivyo hivyo. Mwenye duka, Mghana mmoja, alishazoea, akimwona mmoja wetu anaganda nje anaharakisha kumhudumia mwingine. Nimeshika neno la baba, Mama. Miaka minne nimelishika kwenye baridi inayopasua midomo.

Shemeji, neno la baba lilikuwa hivi. Mwaka aliolazwa hospitali kwa muda mrefu, alirudi nyumbani akakuta ua wa minyaa uliotenganisha bonde letu na la Ruhuza umehama. Ulikuwa umehama hatua kumi na nne kuja upande wetu, ukameza ile sehemu ya chini yenye unyevu, ambapo maharage yanaota hata kiangazi. Minyaa imepandwa upya vizuri, imefyekewa, kama vile iliota pale. Ruhuza akaapa kwamba ndipo ilipokuwa siku zote. Hakuna aliyeona. Baba akasema mbele yetu sote, mtu wa nyumba yangu asinywe mrija mmoja na nyumba ya Ruhuza mpaka minyaa irudi. Mwaka uliofuata akafa. Tangu hapo harusi yao hatujui ina ladha gani, na msiba wetu wao waliusikia kwa kengele.

Na mimi na Sadoki tulikuwa tukichuma uyoga pamoja, Mama, unakumbuka. Kapu moja.

Siku ya mwisho ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mimi nimevaa kanzu ya kuazima kwa Msenegali, kwa sababu Dokta Loreta alisema shati langu halisemi Afrika. Esperansi amekaa mstari wa tatu na mtoto. Ngoma zinalia, taa zimenimulika, nimeketi kwenye kigoda mbele ya chungu, nimetabasamu mpaka mashavu yanauma. Mshereheshaji akasoma maelezo yangu kutoka kwenye kijitabu, neno kwa neno. Kisha akasema kwa furaha kubwa kwamba kwa bahati ya ajabu wamempata ndugu wa kabila lilelile, kutoka milima ileile, kupitia duka la Waafrika. Pazia likasogea. Akatoka Sadoki amevaa suti.

Naye hakuwa anajua. Nilimwona alivyosimama. Yule Mghana alimwambia tu kwamba kuna watu wanatafuta Mha wa kupiga naye picha.

Mama, umeniuliza kupitia kwa Skola kwa nini sikuondoka. Nimejiuliza hata mimi. Dokta Loreta alikuwa pembeni pale, ameshika kile kitambaa chake, anatutazama kama mtu anayeona kijiji. Watu wote wale, Mama, hawana hata jina la mto wa kwao. Wamekuja kuona watu wawili wenye kwao. Nifanye nini, nisimame niseme samahani, hiki ni chungu cha maua? Na mimi ndiye niliyesema ni cha kweli. Na kusema ukweli wote, niliona pia aibu ya kuonekana mwongo mbele ya watu wanaoniita mista. Nikawaza, ni juisi. Juisi haina desturi. Nikashika mrija, nikanyonya.

Ukumbi ukapiga makofi. Nikampa Sadoki mrija. Aliushika muda mrefu, mpaka nikafikiri yeye ndiye atakayeondoka. Halafu akainama kwenye chungu.

Skola, kuanzia hapa ni ya Mama peke yake. Shemeji anaweza kubaki, lakini baraza lisisomewe.

Alisema kwa Kiha, taratibu, kama mtu anayeungama. "Yusto, minyaa niliing'oa mimi. Baba alinituma, nikaifanya kwa siku mbili, ninyi mkiwa hospitali. Hatua kumi na nne. Nilizihesabu mimi."

Kisha akanyonya. Alinyonya kweli, Mama, si kwa midomo tu, koo lake lilipanda na kushuka. Na watu mia tatu wakasimama kutushangilia, wengine wanalia, na hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua kilichosemwa isipokuwa mimi na yeye na Esperansi. Esperansi ni Mrundi, na Kirundi na Kiha ni mtu na dada yake. Nilimwona pale mstari wa tatu, ameweka mkono mdomoni.

Watu walipoondoka nilimfuata Sadoki kwenye stoo ya viti. Nikatoa simu yangu, nikamwambia rudia, neno moja tu, mama yangu apate bonde lake. Aliitazama ile simu kama nimemshikia nyoka.

"Baba yangu bado yu hai," akasema. "Nikimtangaza leo, huo uso wake ataupeleka wapi pale kijijini? Ningoje nimzike."

Nikamwambia hata mama yangu anazeeka. Akasema, "Najua, Yusto. Huwa namwota."

Kisha akavua koti la suti, akaanza kunisaidia kupanga viti. Tulipanga ukumbi mzima. Jumamosi yake nilikuta mfuko wa unga wa muhogo mlangoni kwetu, haukuwa na jina. Nimeula, Mama. Ungenitaka niutupe?

Sasa hiyo video. Watu wa kongamano walipiga picha zote, wakazirusha, na kijana mmoja wa Kigoma anayeishi mji mwingine akaziona, akazitupia kwenye magrupu ya simu ya watu wa Kasulu. Ndipo zilipofika kwenu kabla hata sijavua kanzu ya Msenegali. Nimeitazama mara nyingi sana. Mimi naonekana waziwazi, nanyonya wa kwanza, mashavu yameingia ndani, hakuna wa kubisha. Sadoki anaonekana anainama. Na palepale anapofungua mdomo, waliotengeneza video wamepandisha ngoma. Ngoma tupu, Mama. Nimeiweka sikioni, nimeiomba. Kilichotupokonya bonde kinaonekana mpaka pumba za shayiri, na kilichoturudishia kimefunikwa na ngoma ambazo nilizipanga mimi mwenyewe pale jukwaani, mbili kulia, mbili kushoto.

Nilimpigia Dokta Loreta anitafutie sauti peke yake, bila ngoma. Alitafuta kweli, maskini. Akaniambia mikrofoni ilikuwa upande wa mshereheshaji. Halafu akaniambia kwamba lile lilikuwa tukio zuri kuliko yote aliyoyaona maishani mwake. Nikamshukuru.

Habari za huko nilizipata kwa Skola. Kwamba mzee Ruhuza alikuja na dumu la pombe ya ndizi na wanawe wawili, akisema mtoto wako amefungua na yeye amekuja kufunga. Kwamba ulifunga mlango ukakaa ndani unachambua maharage, na wao wakaliacha dumu uani. Kwamba hukuligusa, likakaa juani siku mbili, likavimba, likatema kizibo chake, mbuzi wakalamba mpaka wakalala kifudifudi. Na kwamba ulisema, "Mbuzi wamekunywa, basi wao wapatane." Mama, niliposikia hilo nilicheka nikiwa juu ya ngazi nafuta vioo, nikashuka, nikakaa chini, na kicheko kikageuka kitu kingine. Ningekuwa pale ningekuondolea hilo dumu. Siwezi kuja. Karatasi zangu bado ziko mezani kwa watu, na wameniambia nikitoka kabla hazijakamilika, mlango unafungwa nyuma yangu. Nina funguo za kila mlango wa ukumbi ule, ufunguo wa mlango huo sina.

Skola ameniagiza niandike karatasi ya pekee kwa ajili ya baraza, kwamba ilikuwa juisi na ulikuwa mchezo tu. Nimeiandika. Imo humu, imekunjwa, ina sahihi yangu na dole gumba kwa usalama. Kila neno lililomo ni la kweli. Juisi ya matofaa, chungu cha maua, kanzu ya Msenegali. Wajumbe wakiisoma watacheka, na naamini madai ya Ruhuza yataanguka, kesi itarudi pale ilipokuwa.

Lakini pale ilipokuwa ni wapi, Mama? Neno letu na neno lake, na hakuna aliyeona. Ukiipeleka karatasi hiyo umesema mrija ulikuwa mchezo. Basi na alichosema Sadoki kilikuwa mchezo, na hata siku atakapomzika baba yake hatakuwa na deni la kukirudia. Na ukisema mrija ulikuwa wa kweli, basi mimi nimeachilia, na kile nilichosikia sina ruhusa ya kukibeba nje, na hapa nimeshakibeba mpaka kwako. Nimemuuliza Esperansi. Akasema, "Umekunywa, Yusto. Juisi au maziwa, umekunywa." Nikamwambia basi nifanye nini. Akasema hajui, akaenda kumlaza mtoto. Mimi ninayejua kila kitu, Mama, ninayewaelekeza maprofesa choo kilipo, nimekaa na jambo hili wiki nyingi na halina pa kushikia.

Kabla sijamaliza, nisalimie watu. Msalimie shangazi wa Gwarama, mwambie pombe yake imeigizwa Marekani bila mafanikio. Msalimie mdogo wangu Filipo na pikipiki yake, apunguze mwendo kwenye ile kona ya kwenda Kibondo, abiria wake ni watu. Msalimie katekista, mwambie bado najua kanuni ya imani yote, nikianza tu siwezi kukwama. Shemeji mwalimu, asante kwa kumshikia dada yangu taa wakati wa kusoma na kwa kutoogopa shamba lisilo la kwenu. Skola, wewe hukunitukana hata mara moja tangu jambo hili lianze, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nitukane kidogo.

Sasa mpe Mama kile kitu kirefu cha mlangoni, akifungue mwenyewe.

Mama, si fimbo. Ni mrija wenyewe. Nilitaka kuutuma kwa posta, wakaniambia ni mrefu mno, niukate vipande viwili uingie kwenye boksi. Nilirudi nyumbani nikachukua kisu, nikauweka juu ya meza ya jikoni. Mkono ukakataa. Nikausubirisha wiki tatu mpaka nikasikia Sista Verena amemaliza masomo na anarudi parokiani kwake Kibondo, nikaenda kumpigia magoti. Ameubeba kwenye ndege tatu, na kila uwanja wamemuuliza ni silaha gani.

Uko mzima, sijaukata. Ukiuvunja, ipeleke ile karatasi ya juisi, na mimi nitajua kwamba nilikunywa matofaa na kwamba sikusikia kitu. Usipouvunja, Ruhuza atarudi na dumu jingine, namjua. Mfungulie. Mwekee chungu, unyonye wewe kwanza, kisha umpe mrija huu, umwambie ndio ule aliokunywa mwanawe, halafu unyamaze. Usimsaidie kwa neno hata moja. Mwache ainame, umsubiri.

Nimeukausha vizuri, nimeupuliza. Hewa inapita mpaka mwisho.

Ni mimi mwanao, mshika funguo za nyumba ya watu,

Yusto